Haiuzwi

Miaka kumi na minne tumelipa kodi Katuba,
vyumba viwili, choo cha watu kumi na tisa,
na mwenye nyumba akikohoa tu tarehe thelathini
mume wangu Monga anatafuta shati.

Sasa pesa ipo. Nimeuza samaki wa barafu
tangu kitindamimba akiwa mgongoni,
likelemba ikaniangukia mara mbili,
na noti zimelala ndani ya kopo la maziwa ya unga
zikinuka samaki. Nimezianika. Zinanuka.

Kuna Kisanga, kuna Luwowoshi.

Monga anataka Kisanga.
Barabara ya Kipushi iko karibu, anasema, gari hazikosi,
kisima kina maji kwa mita nane,
na nyumba imekwisha kusimama: bati, madirisha ya vyuma
ambavyo yeye, fundi wa kuchomelea, alivigonga kwa ukucha
akasema, "Huyu aliuheshimu moto."
Nami niliupenda ukuta mpaka nilipousogelea.
Chini ya chokaa mpya, kama mshipa chini ya ngozi,
herufi nyeusi zilikuwa bado zinapumua:
NYUMBA HII HAIUZWI.

Nikamwuliza komisioneri, "Nani aliandika?"
Akacheka meno yote nje. "Mama, hayo ni ya zamani."
Zamani ya nani?
Chokaa ilikuwa bado inaacha unga kidoleni mwangu.
"Ndugu wamekwisha kupatana." Ndugu gani? Wangapi?
Na yule mwanamke anayetwanga pale nyuma,
asiyeinua macho tulipobisha hodi,
naye amepatana?

Luwowoshi hakuna nyumba.
Kuna vigingi vinne, na katikati kichuguu
kirefu kuliko Monga akiinua mikono.
Ukishuka kwenye teksi unatembea nusu saa;
mvua zikianza, viatu unavibeba kichwani.
Nguzo za umeme zimesimama bila nyaya
kama waposaji wasio na mahari.
Saa saba mchana mgodi ukalipua mwamba huko ng'ambo,
chai ikatetemeka kikombeni mwa jirani,
naye akaendelea kusimulia, kiganja juu ya kikombe.
Mama Chabu. Hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza, "Watoto wako wanakohoa usiku?
Maana hapa kuta ni mabua kwanza. Sote tunasikia."

Usiku nikapiga hesabu sakafuni kwa chaki:
huku maji, barabara, bati;
huku matope, giza, na karatasi
yenye mhuri mmoja na jina moja tu.
Kisanga ikashinda. Nikahesabu tena, ikashinda tena.
Monga alikoroma kama aliyeshinda kesi.
Mimi nilikuwa nasikia mchi.
Kila pigo, kana kwamba mtu anabisha mlango
kutoka ndani.

Asubuhi nikamwambia, "Ukuta wenye maneno, mimi silali.
Nitaamka usiku kuusoma."
Akanyamaza kwa muda wa chai nzima.
Kisha akasema, "Kile kichuguu kina matofali elfu nane."
Ndivyo mume wangu anavyokubali.

Tumelipa Jumamosi, mbele ya chifu wa kartie
na Mama Chabu, aliyeleta kiti chake mwenyewe.
Mwenye kuuza alihesabu noti, akanusa vidole, akanitazama.
Kabla ya saruji, kabla ya msumari,
tulinunua kopo dogo la rangi nyeusi.
Kitindamimba, Kyungu, wa darasa la tatu,
aliandika juu ya ubao wa kreti yangu ya samaki,
ulimi nje, herufi ya Z ikitazama nyuma:
HAIUZWI.
Tukaupandisha juu ya kichuguu, tukaukita.

Nyumba hakuna bado.
Kuna ubao, kuna harufu ya samaki,
na chini yake mchwa, kaya elfu ngapi sijui,
wanaofanya kazi usiku kucha
na ambao hakuna aliyewauliza.